Miwani ya Uzi Mwekundu

Tuseme ukweli mapema, ili baadaye tusipate taabu ya kumtetea: siku ile mjinga alikuwa yeye. Si treni, si mji wa watu, si uzee wa fremu. Ni yeye, kijana wa miaka ishirini na minne, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa utengenezaji wa miwani, aliyepanda treni saa kumi na mbili asubuhi akiwa na shati lililopigwa pasi mara mbili. Ilipofika saa nne alikuwa ameshavunja kitu kimoja tu katika nyumba ya watu, na kati ya vitu vyote vya nyumba ile, ndicho ambacho hakikutakiwa hata kuguswa.

Wenzake bwenini walimwita Macho Manne, ingawa mwenyewe alikuwa na uwezo wa kuona sindano chini ya zulia. Jina lilitokana na tabia. Ukimsalimia, kwanza anatazama kama miwani yako imekaa sawa puani, ndipo anaitikia. Mpishi wa kantini, kinyozi wa chuo, mlinzi wa maktaba, wote alishawanyooshea miwani zao bila kuombwa, na wote walimshukuru. Hapo ndipo alipoponzeka. Mtu akishukuriwa mara kumi hujiona amepewa kibali cha maisha.

Msichana aliyekaa mbele yake kwenye treni, magoti yao yakikaribia kugusana na kila kona yakigusana kweli, aliitwa Ramani, kwa kuwa ndicho alichokuwa akisomea chuo hicho hicho: kuchora ramani. Walijuana miezi kumi na minne nyuma, kwenye jiko la pamoja la bweni. Alikuja na karatasi kubwa imekunjwa kwapani.

"Nimeambiwa una kioo cha kukuzia," alisema siku hiyo.

"Inategemea unataka kukuza nini."

"Kosa langu. Nimechora mto unapanda mlima, na profesa ameuona kabla yangu."

Macho Manne alicheka mpaka uji wake ukamwagika jikoni. Tangu siku hiyo kioo hakikurudi kwa mwenyewe, wala mwenyewe hakukidai, kwa sababu kila kilipohitajika ilimbidi akifuate.

Sasa treni ilikuwa inakimbia kuelekea mpaka, na Ramani hakuwa na uso wa kucheka.

"Rudia," alisema.

"Nimerudia tangu stesheni."

"Rudia tena."

"Moja, nitoe shikamoo kabla sijavuka kizingiti. Mbili, nikiwekewa chakula nile nimalize hata kama nimeshiba. Tatu, nisimtaje Injinia."

"Na shangazi akimtaja mwenyewe?"

"Nikohoe."

Ramani alitazama dirishani ili asionekane akitabasamu. Injinia alikuwa mtoto wa rafiki wa baba yake. Alifanya kazi katika mji ule ule waliokuwa wanauendea, na baba yake Ramani alikuwa amekwisha kumvalisha ukwe moyoni. Alikuwa hajavunja kikombe wala sahani, anavaa saa ya maana, na kwenye simu hamkatishi mkubwa. Kumhusu Macho Manne, baba alitoa sentensi moja: "Nimempeleka mtoto kusoma, si kuvalishwa miwani."

Lakini kwao neno la mwisho kuhusu posa halikuwa la baba. Lilikuwa la shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyembeba mgongoni akiwa mchanga na hajamshusha mpaka leo. Kila Jumamosi, saa tisa alasiri, baba humpigia dada yake simu. Jumamosi hii angeuliza swali moja: umemwonaje huyo kijana? Akijibiwa vizuri, atapokea wazee wa Macho Manne. Akijibiwa vibaya, Ramani atamaliza mitihani na kurudi nyumbani kwenye posa iliyokwisha kupangwa. Hapakuwa na njia ya tatu.

"Unaogopa?" Macho Manne aliuliza.

"Wewe huogopi?"

"Mimi kina shangazi hunipenda. Nina sura ya mtu aliyelishwa vizuri na mama yake."

"Usiguse kitu," Ramani alisema, halafu afisa wa mpakani akaingia behewani kugonga mihuri kwenye pasi zao, na mazungumzo yakafa. Laiti angelitia sentensi hiyo kwenye orodha ikawa ya nne. Hakuitia, na mwenzake akaihesabu kuwa ni maneno ya kawaida.

Mji uliwapokea kwa mwanga. Stesheni yake ilikuwa na paa la vioo, maelfu ya vioo, na jua la asubuhi lilipita humo likaangukia watu kama vile kila mmoja alikuwa anasubiriwa. Macho Manne alisimama katikati ya umati shingo nyuma, mdomo wazi, mabegi ya watu yakimgonga.

"Twende, utalala hapa," Ramani alisema, akamshika mkono wa shati.

Akamfuata. Alimpenda zaidi akiwa anatembea. Mji huu Ramani alikuwa ameufikia mara mbili tu, lakini mwaka uliopita alikuwa ameuchora wote kwa zoezi la darasani, mtaa kwa mtaa. Sasa alipita humo kama mtu anayesoma barua aliyoiandika mwenyewe. Hapa kuna ngazi, alisema, na kweli kulikuwa na ngazi. Tukikata hapa tutaona mnara, na mnara ukajitokeza. Tramu za njano, zile treni ndogo za barabarani, zikapita zikigonga kengele. Macho Manne hakujua atazame kipi, mji au yule aliyemwonyesha mji, na mara zote akachagua cha pili.

Shangazi alikaa ghorofa ya tatu, katika nyumba iliyojaa mapazia. Alikuwa fundi wa kushona mapazia. Vitambaa vilikunjwa hadi darini, na cherehani ilikaa dirishani kama mwenye nyumba. Mwenyewe alikuwa mrefu, mpana, mtulivu, mtu ambaye akikutazama unakumbuka dhambi ndogo ndogo.

"Shikamoo shangazi," Macho Manne alisema akiwa bado nje ya kizingiti.

"Marahaba. Ingia, upepo usitumalize."

Alama moja. Akakaribishwa kiti, akawekewa sahani, akala akamaliza, akaongezewa, akamaliza tena. Alama mbili. Shangazi akamuuliza kuhusu wazazi, mama hajambo, baba anafanya kazi gani, ndugu wako wangapi, na akajibu vizuri kabisa. Ramani alianza kupumua. Lakini Macho Manne, tangu alipoketi, alikuwa haoni kitu kingine ila miwani ya shangazi.

Ilikuwa miwani ya kiume, ya plastiki nzito ya rangi ya kahawia, kubwa kuliko uso wake. Mkono wa kushoto ulikuwa umelegea kwenye bawaba, na skrubu iliyochakaa ilizungushiwa uzi mwekundu wa kushonea, mizunguko midogo iliyopangwa kwa ustadi wa fundi. Kila shangazi alipoinama, miwani iliinama upande kabla yake. Kwa kijana yule ilikuwa kama kusikia bomba linadondosha maji ukiwa umelala.

Shangazi akamimina chai. Mvuke ukapanda kwenye vioo. Akaivua, akaiweka mezani, akageuka kumwambia Ramani achukue vijiko kabatini.

"Shangazi, hii inakaa upande," Macho Manne alisema. "Dakika moja tu."

Mikono ikatangulia akili. Uzi ulikuwa umefunguka kabla shangazi hajageuka. Akashika mkono wa miwani kwa vidole viwili, kama alivyofanya kwa mpishi, kwa kinyozi, kwa mlinzi, akaukunja kidogo kwenda ndani.

Tak.

Ni sauti ndogo sana, kama kijiti cha kiberiti. Mkono wa miwani ukabaki kwenye vidole vyake na miwani ikabaki mezani.

Na hapa ndipo ujinga wake unapokuwa ujinga wa msomi, ambao ni mbaya kuliko wa kawaida. Siku ya kwanza kabisa chuoni, kabla hawajaonyeshwa hata choo kilipo, wanafunzi wa miwani hufundishwa jambo moja: plastiki ya zamani haikunjwi baridi. Unaipasha moto kwanza, inalainika, ndipo inakutii. Mwenzake mmoja kutoka nyumbani aliandika methali ukutani juu ya kitanda chake: samaki mkunje angali mbichi. Macho Manne alikuwa akiisoma kila asubuhi anapofunga viatu.

Ramani alisimama na vijiko mkononi. Shangazi alirudi mezani polepole, akaketi, akaitazama ile miwani ya mkono mmoja.

"Hiyo ni ya marehemu mume wangu," alisema.

"Shangazi, mimi..."

"Alikuwa dereva wa tramu. Aliivaa miaka kumi na minane, hata usingizini nilimvua mimi. Siku ya mwisho, hospitali, aliivua mwenyewe akanipa. Akaniambia, nishikie." Alikunja mikono yake mapajani. "Nimeishika miaka sita."

Macho Manne aliteremka kitini, akapiga goti. Shati lile la pasi mbili lilikuwa limeloa mgongoni.

"Nisamehe, mama yangu. Nitaitengeneza."

"Inuka, zulia lina vumbi." Sauti haikupanda hata kidogo, na ingekuwa heri ipande. "Mtoto wa watu, mimi sikupigi wala sikutukani. Ila saa tisa mdogo wangu atapiga simu, na mimi kwenye simu siongopi."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika kumi na mbili.

Walishuka ngazi. Miwani ilikuwa kwenye leso ya Ramani, na leso ilikuwa kwenye mfuko wa Ramani, kwa sababu hakumwamini mwenzake hata kuibeba. Barabarani ndipo alipofungua kinywa.

"Nilikupa mambo matatu. Matatu tu. Mtoto wa chekechea anabeba matatu."

"Hukuniambia nisiguse miwani."

"Nilisema usiguse kitu. Sikukwambia pia usiung'oe mlango. Nilidhani hilo unalijua."

"Ramani..."

"Usiniite. Tembea."

Wakatembea. Walifika kwenye daraja la mawe, mto chini yake ukienda polepole kama hauna safari, na hapo Ramani akasimama. Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini hayakumwagika. Alikuwa na ujuzi huo.

"Unajua kinachoniogopesha? Si baba," alisema. "Baba nimemzoea. Ninaogopa hii tabia yako. Unakutana na mtu, huoni mtu, unaona kilichopinda. Unanyoosha. Unanyoosha kila mtu. Mimi nitaolewa na wewe nikae miaka arobaini nikinyooshwa?"

Kijana yule mcheshi, ambaye siku zote neno lilimtoka kabla halijaiva, safari hii aliangalia maji. Alitaka kusema kitu kizuri, kila kilichokuja kikawa mzaha, akakimeza.

"Nipe hiyo miwani," alisema mwishowe.

"Ya nini?"

"Niiangalie tu. Ishike wewe."

Akafungua leso. Wakainamisha vichwa pamoja, vikakaribiana, na hasira ilipungua kidogo bila ruhusa ya mwenyewe. Upande wa ndani wa ule mkono uliovunjika, herufi za dhahabu zilizokwisha kufifia zilionyesha jina la duka na la mtaa. Macho Manne alizisoma herufi moja moja. Ramani alifumba macho.

"Mtaa huo nimeuchora," alisema. "Uko nyuma ya soko la maua. Una kona mbili, na ya pili niliisahau, nikapunguziwa alama."

Duka lilikuwepo bado. Lilikuwa jembamba kama korido, droo za mbao pande zote mpaka juu, na mwisho wake benchi la kazi chini ya taa. Mwenye duka alikuwa bibi mfupi wa miaka sabini na kitu, koti jeupe, nywele nyeupe, na loupe, ile lenzi ndogo ya mafundi, ikining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Walizungumza naye kwa lugha ya chuoni, ambayo bibi aliijua kiasi na wao kiasi, na penye pengo wakaweka mikono.

Bibi aliigeuza miwani mara moja.

"Uliipasha moto?"

"Hapana," Macho Manne alisema.

"Wewe ni mtu wa kawaida au mwanafunzi?"

"Mwanafunzi. Mwaka wa tatu."

"Siku ya kwanza walikufundisha nini?"

"Kupasha moto."

Bibi alimtazama kwa muda, kama mtu anayepima kitambaa kwa jicho. Halafu akainama, akavuta droo ya tatu kutoka chini, akatoa bahasha. Ndani yake mlikuwa na mkono wa miwani, wa kushoto, rangi ile ile, umbo lile lile, mpya kama jana. Akaeleza: aliuza fremu za aina hii miaka mingi, na vipuri vyake havitupi.

"Dakika tano," alisema. "Skrubu moja. Hakuna atakayejua."

Ramani alishusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu miwani ivunjike. Saa tano na robo. Wangeweza kurudi, kunywa chai, kuomba msamaha upya. Shangazi angevaa, ingekaa sawa, na simu ingelia watu wakiwa na amani. Alimtazama Macho Manne, na Macho Manne alikuwa hautazami ule mkono mpya. Alikuwa ameushika ule uliovunjika, ameuelekeza kwenye taa.

"Njoo uone," alimwambia.

"Nini?"

"Hapa mwishoni, panapokaa nyuma ya sikio. Gusa."

Akagusa. Kulikuwa na vishimo vidogo vidogo, vitano au sita, vimejipanga.

"Meno," Macho Manne alisema taratibu. "Alikuwa anauma. Labda akisubiri abiria wapande, anaivua, anauma mwisho wake. Miaka kumi na minane. Nikiweka huu mpya, miwani itapona. Lakini yeye hatakuwemo."

Kidole cha Ramani kilibaki pale kwenye alama za meno ya mtu aliyekuwa amempakata akiwa mtoto, na ambaye kwenye harusi za ukoo alikuwa akicheza vibaya kuliko wote. Alikumbuka. Kweli alikuwa anauma miwani. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa amemwambia hivyo, na huyu aliyemwambia hakuwahi kumwona.

"Nataka kuutengeneza huu huu," Macho Manne alimwambia bibi. "Na sitaki kuficha palipovunjika."

Bibi aliirudisha bahasha kwenye droo. Kwa mguu akavuta stuli kutoka chini ya benchi.

"Kaa," alisema. "Umevunja wewe, utatengeneza wewe. Mimi nitakula chakula changu nikikutazama."

Ilikuwa kazi ya saa mbili na nusu, na wale wanaodhani mapenzi ni maua wangefaa kuiona. Kwanza alitoa vioo akaviweka juu ya pamba. Akachukua karai dogo la mchanga moto, ule wa kulainishia plastiki, akaizika fremu humo, akaitoa, akaipima joto shavuni kama mama anavyompima mtoto homa. Bibi akatikisa kichwa: bado. Akairudisha. Kisha akakata kipande cha shaba, chembamba, urefu wake kama punje mbili za mchele. Akatoboa matundu mawili upande huu wa mvunjiko na mawili upande ule, kwa keekee ya mkono, akishika pumzi kila ilipokaribia kutokea upande wa pili. Tundu la tatu liliteleza. Akafuta jasho kwa bega, akaanza tena. Bibi, mdomo umejaa, alinyoosha mkono akamshusha kiwiko sentimita moja. Tundu la nne likanyooka.

"Nishikie taa," alimwambia Ramani.

Ramani akaishika. Alimwona namna ambavyo hakuwahi kumwona: kimya. Yule msemaji wa bweni zima, anayechekesha hata foleni ya choo, alikuwa amekunja paji la uso na ulimi umetokeza kidogo kwenye kona ya mdomo. Mikono yake haikuwa na haraka. Ilisogea kama mikono ya mtu anayemvisha mtoto aliyelala. Ramani alijikuta anaitazama ile mikono mpaka taa ikainama.

"Juu kidogo," Macho Manne alisema bila kugeuka.

"Samahani."

"Ramani."

"Hm."

"Lile ulilosema darajani." Aligonga pini ya kwanza ya kushikia shaba kwa nyundo ndogo, mara tatu, nyepesi. "Nimelifikiria. Watu wote nawanyoosha, ni kweli, na leo nimekoma. Lakini wewe miezi kumi na minne hii nimekutazama kuliko nilivyotazama vitabu. Sijawahi kukuona umepinda."

Pini ya pili. Ramani alitazama pembeni, kwenye droo, akahesabu vishikio vyake vya shaba mpaka macho yakakauka. Bibi, ambaye hakujua neno lolote la Kiswahili, aliacha kutafuna. Alimtazama huyu, akamtazama yule, akasogeza stuli yake nyuma kidogo ili asiwazibe.

"Na ule mto uliopanda mlima?" Ramani aliuliza.

"Ule ulipinda. Lakini mto ni mto, wewe ni wewe."

Akacheka. Taa ikatikisika tena, na safari hii hakuna aliyeilalamikia.

Saa nane na dakika hamsini walikuwa wanapanda ngazi mbili mbili. Shangazi alifungua mlango kabla hawajabisha. Hakuuliza kitu. Alikaa kwenye kiti chake karibu na cherehani, akanyoosha kiganja.

Macho Manne aliweka miwani mle kwa mikono miwili.

"Nimekurudishia, shangazi, uendelee kuishika," alisema. "Sikuweka kitu kipya ila hicho kipande cha shaba, pini zake na skrubu moja. Kovu linaonekana. Niliona si haki kulificha."

Shangazi alipapasa shaba kwa kidole gumba, kisha gumba lenyewe, bila kuambiwa, likateleza mpaka mwisho wa mkono wa miwani. Likatafuta. Likapata vile vishimo, kimoja, kingine, kingine. Likatulia hapo muda mrefu. Nje tramu ilipita ikagonga kengele, na shangazi aliinua uso kidogo, kama anavyofanya mtu aliyeitwa.

Akaivaa. Ilikaa sawa.

"Uzi wangu uko wapi?" aliuliza.

Macho Manne akatoa kile kipande cha uzi mwekundu mfukoni mwa shati. Alikuwa amekizungusha kwenye karatasi kisipotee. Shangazi alikipokea, akakizungusha kwenye kibonge chake cha uzi.

"Na jingine, shangazi, ila naomba ruhusa kwanza."

"Leo umejifunza kuomba ruhusa."

"Nimejifunza. Macho ya marehemu yaliachana zaidi kuliko ya kwako. Vioo hivi ni vya macho yake. Ndiyo maana jioni kichwa kinakuuma."

"Nani kakwambia kinaniuma?"

"Unajibana hapa," akagusa kipaji chake mwenyewe, "kila unapotazama karibu. Ukikubali nitakupima, nikutengenezee vioo vyako. Fremu itabaki ya kwake. Mtatazama pamoja."

Shangazi alimkazia macho, na yeye hakuinamisha yake. Hakutazama miwani. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa anamtazama mwenye miwani.

Simu ikalia.

Saa tisa kamili. Mdogo wake shangazi hakuwa mtu wa kuchelewa. Shangazi, kwa mazoea ya mtu anayeshona huku anaongea, aliiweka juu ya meza na kufungua sauti chumba kizima kisikie. Ramani alikaa chini ghafla juu ya rundo la mapazia. Macho Manne alibaki amesimama, mikono nyuma, kama mtuhumiwa.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Huyo kijana amefika?"

"Amefika."

"Umemwonaje?"

Shangazi alivuta kitambaa kwenye cherehani, akakinyoosha.

"Amenivunjia miwani ya shemeji yako."

Sauti ya baba ikarudi, na ilikuwa na raha ya mtu aliyeshinda bila kutoka jasho.

"Si nilisema mimi. Dada, si nilisema. Nyumba ya watu, siku ya kwanza, anavunja kitu cha marehemu. Huyo ndiye wa kumkabidhi mtoto?"

"Ameitengeneza."

"Hata kama. Kuvunja ni kuvunja. Mtu mzima hupimwa kwa adabu ya mikono yake."

"Ni kweli, alikosa adabu," shangazi alisema. Macho Manne aliangalia zulia. "Nami nimemwambia."

"Basi yameisha. Binti na anisikie hapo alipo, najua ananisikia. Mwanangu, mimi sina chuki na mtu. Lakini angalia tofauti. Injinia amekuja kwa shangazi yako mara ngapi? Mara nne. Anakaa, anaongea vizuri, anaaga, anaondoka. Mara zote nne, dada, niambie mwenyewe, amewahi kuvunja hata kikombe?"

"Hajavunja."

"Umesikia, mwanangu? Hajavunja. Dada yangu haongopi. Sasa kuna nini tena cha kubishana?"

Ramani alifungua mdomo, shangazi akamwinulia kidole kimoja: tulia. Akavua miwani, akaitazama, akapitisha tena gumba kwenye mwisho wa mkono wake. Akaivaa. Kisha akaisogelea simu kama alivyokuwa akimsogelea mdogo wake huyo zamani, anapotaka kumfunga vifungo vya shati kabla ya kwenda shule.

"Mdogo wangu, nisikilize. Injinia wako mara nne amekaa kwenye kiti hiki hiki, mbele yangu, mimi nimejifunga uzi mwekundu sikioni, na hakuuliza hata siku moja una nini. Huyu kavunja kwa sababu kaona. Wako hajavunja kitu kwa sababu hajaona kitu."